N Kubwa ya Cane Branch

Cane Branch, Georgia
9 Februari 1931

Mdogo wangu Lonzo,

Huku tu wazima, isipokuwa goti la Mama lililoanza ugomvi wake wa kila mwaka, na mimi ambaye nina hasira tangu Alhamisi. Nimeona nikuandikie kabla hasira hazijapoa, maana zikipoa nitaandika kwa adabu na hutanielewa.

Alhamisi alikuja Bwana Peavy. Unamkumbuka, Msimamizi wa Shule za kaunti, yule Mzungu asiyevua kofia akiingia kwetu. Kila mwaka huja mara moja, husimama nyuma ya darasa, hutazama vioo vya madirisha vilivyovunjika, huenda zake, na vioo hubaki vilivyo. Safari hii akasoma ubao. Nilikuwa nimewaandikia watoto habari za watu wanaokaa Georgia.

Akauliza, "Mbona Negro umeiandika kwa herufi kubwa?"

Nikamwambia, "Ni jina la watu, bwana. Jina la watu huanza kwa herufi kubwa. Ndivyo kinavyosema kitabu cha sarufi mlichotuletea."

"Kitabu cha jiografia kinaandika kwa ndogo."

"Ndiyo, bwana. Vitabu vyenu viwili vimekosana."

Yule mtoto wa akina Sims, Vashti, akacheka. Nilimkazia macho, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Peavy akageuka mwekundu mpaka masikioni, akaniambia, "Futa." Sikufuta. Nikasimama na chaki yangu, naye akasimama na kofia yake. Mwisho akasema siku ya kufunga shule, mwezi wa nne, atakuja na wajumbe wa Bodi, na siku hiyo ndiyo watakayoamua kama mkataba wangu wa mwaka ujao upo au haupo. Akikuta N kubwa popote, haupo.

Lonzo, Mjerumani ana herufi kubwa. Mwairishi anayo. Mchina, ambaye Peavy hajapata kumwona kwa macho, anayo. Mbwa wa Peavy anaitwa Duke, naye anayo. Sisi Weusi peke yetu ndio tunaoandikwa kama jina la mboga. Mimi siwezi kusimama mbele ya mtoto, nimfundishe kuwa jina lake Vashti ni kubwa na jina la watu wake ni dogo. Ulimi wangu haukubali, na mkono wangu haukubali. Nataka kubaki na shule yangu, na nataka kubaki na N yangu, na sitaki kuambiwa nichague.

Sasa nakuomba. Wewe ndiye unayefanya kazi penye mashine ya kuchapa. Nichapie ratiba za siku ya kufunga shule, nzuri, za karatasi ngumu, ili kila mama aingie akiwa na yake mkononi. Maneno nitakuletea.

Mama anasema uvae flana, na uache kula vyakula vya mkebe.

Dada yako,
Zelia


Cleveland, Ohio
18 Februari 1931

Dada Zelia,

Barua yako niliisoma kazini wakati wa chakula, nikacheka mpaka mzee Krause, mwenye kiwanda, akatoka ofisini kuuliza kama nimemeza herufi. Vitabu vyenu viwili vimekosana! Wewe dada, Mungu alikuumba na ulimi wa watu watatu.

Kisha nikaacha kucheka.

Hebu nisikilize kidogo, mimi ndiye mpanga herufi katika familia hii. Herufi ni kipande cha madini ya risasi. Kubwa zinakaa kwenye sanduku la juu, ndogo zinakaa la chini, na mkono wangu unapanda na kushuka kutwa nzima bila kuuliza nani anastahili nini. Mteja akileta maneno yake kwa herufi ndogo, napanga ndogo. Jioni nanawa mikono, nakula, nalala. Hakuna mtu mweusi aliyelala njaa kwa sababu ya N, lakini waliolala njaa kwa kujibizana na akina Peavy tunawajua kwa majina.

Wakikufukuza, watoto wa Cane Branch watafundishwa na nani? Umelifikiria hilo, au umefikiria ubao tu? Andika ndogo siku hiyo moja. Peavy akishafika barabara kuu, rudisha kubwa. Nani atakayejua?

Au njoo huku. Mlete na Mama. Kuna shule, kuna kanisa letu, kuna watu wa Georgia wengi mpaka utadhani hujasafiri. Mama atapata wa kusengenyana naye siku ya kwanza.

Ratiba nitachapa. Krause amekubali nitumie mashine Jumamosi baada ya kazi. Lete maneno.

Mwambie Mama flana ninayo mwilini.

Ndugu yako,
Lonzo


Ofisi ya Msimamizi wa Shule za Kaunti
3 Machi 1931

Arzelia,

Imefika kwenye Ofisi hii habari kwamba hujaacha mazoea niliyokukanya nilipotembelea shule ya negro ya Cane Branch. Msimamizi na Wajumbe wa Bodi hawana muda wa kubishana na mwalimu juu ya jambo ambalo kaunti nzima imekwisha kukubaliana nalo.

Unakumbushwa kuwa mkataba wako unakwisha pamoja na muhula huu, na kwamba wapo wengine wanaoitafuta kazi hiyo.

R. L. Peavy
Msimamizi wa Shule


Cane Branch
6 Machi 1931

Bwana R. L. Peavy,
Msimamizi wa Shule

Bwana,

Barua yako nimeipokea, nakushukuru kwa kunikumbuka.

Nimeona umeandika Ofisi, Msimamizi, Wajumbe na Bodi kwa herufi kubwa. Sina ubishi na hilo. Ni vitu vyenye heshima zake, na wewe uliyevitaja unaijua heshima hiyo. Mimi nami nafundisha hivyo hivyo, kwa watu ninaowajua.

Siku ya kufunga shule ni Ijumaa tarehe kumi Aprili, baada ya chakula cha mchana. Wewe na Wajumbe mnakaribishwa. Viti vyenu vitakuwa mbele, na wazazi watakuwa wamepika.

Jina langu, kwa barua zitakazofuata, ni Bi. Arzelia Tarver.

Wako katika kazi,
Bi. Arzelia Tarver
Mwalimu


Cane Branch
7 Machi 1931

Lonzo,

Ushauri wako nimeusoma. Nimeusoma tena nikiwa nimekaa, nikidhani labda ni kwa sababu mara ya kwanza nilikuwa nimesimama. Haukubadilika.

Unasema niandike ndogo Peavy akiwepo, nirudishe kubwa akiondoka. Na watoto je? Si watakuwa wamekaa palepale wakinitazama? Watajifunza siku hiyo jambo moja tu, na si herufi.

Maneno ya ratiba haya hapa. Juu kabisa weka jina la shule. Chini yake sentensi hii, ndiyo roho ya karatasi nzima, usiiguse: "Shule hii ilijengwa kwa mikono ya Negro wa Cane Branch, nao ndio wanaoitunza." Kisha nyimbo, mashairi na majina ya watoto, utayakuta nyuma ya karatasi hii. Kisha wazazi watakaosema neno. Kila mama aliyeolewa aandikwe Bibi. Bibi Tempie Gaither. Bibi Lula Sims. Bibi Sophronia Tarver, ambaye atafungua kwa sala. Mjini wanamwita Mama "Shangazi Phronie", mpaka vijana wa dukani wanaokaa kwenye kaunta wakitingisha miguu, na mimi sijui hata mmoja wao ni mpwa wake wa tumbo lipi. Nataka aione karatasi yenye jina lake zima.

Wakati mwingine nikifikiria kunyang'anywa shule naamka usiku nikahesabu majina ya watoto, usidhani mimi ni wa chuma. Lakini panga kama nilivyoandika.

Zelia


Cleveland
24 Machi 1931

Dada Zelia,

Furushi ulilopokea ndilo hilo. Nimefanya kazi Jumamosi mbili. Karatasi ni nzito, Krause ameitoa kwenye mabaki ya kadi za arusi za tajiri mmoja. Herufi ni zile za fahari tunazowekea tu mabenki na makanisa makubwa. Mtu akiishika ratiba hii atajua ameshika kitu.

Kila neno lako limo, hata moja halikupungua. Na Peavy aisome kutoka juu mpaka chini, aipindue, aishike juani, hatapata pa kuweka kidole. Hilo nakuhakikishia kama fundi.

Ukimaliza siku hiyo niandikie palepale. Mimi huku nakaa roho juu.

Ndugu yako,
Lonzo


Cane Branch
30 Machi 1931

Alonzo Tarver,

Nakuandikia kwa jina lako zima ili ujue hali ya hewa huku ikoje.

Nilifungua furushi mbele ya akina mama wote. Walikuja na nguo zao za kanisani kuja kuona, Bibi Gaither kavaa na glavu. Nikatoa ya kwanza. Lo, ilivyong'aa! Wakapiga makofi. Mama akaipitisha kidole kama anapapasa kitambaa cha hariri. Nami nikasoma, na nikasoma tena, nikaiweka chini.

Umeiandika yote kwa herufi kubwa. Yote! Kuanzia herufi ya kwanza mpaka ya mwisho. SHULE kubwa, MIKONO kubwa, NA kubwa, KWA kubwa. Hata neno "viburudisho" umeliandika kama jina la mfalme. Ndiyo maana Peavy hatapata pa kuweka kidole. Atasoma hiyo N na hataiona, imekaa katikati ya wenzake kama mtu aliyejificha sokoni. Kila kitu kikiwa kikubwa, Lonzo, N yetu haijawa kubwa. Umenipiga chenga, tena kwa ufundi, na ukajisifu juu yake!

Usiniambie ulisahau. Wewe hujawahi kusahau herufi tangu ulipokuwa unaandika kwa mkaa ukutani. Uliogopa. Najua uliogopa kwa ajili yangu, si kwa ajili yako, na hilo ndilo linalonizuia nisikwambie mengine. Lakini sikukuomba uniogopee. Nilikuomba unichapie.

Mama ameuliza nina nini, nikamweleza. Akasema, "Basi karatasi ni nzuri, tusizitupe." Kazikorogea gundi ya unga, kazibandika ukutani upande wa kitanda chake, pale upepo unapoingia. Sasa chumba chake kinapiga kelele usiku na mchana.

Ratiba zangu zitaandikwa kwa mkono. Tangu Ijumaa somo la mwandiko ni hilo. Kila mtoto anaandika moja kwa ajili ya mama yake, na wakubwa wanaandika za wageni. Vashti Sims ameomba aandike ya Bwana Peavy. Nimemkatalia mara mbili. Leo nimemkubalia, maana mwandiko wake ndio mzuri kuliko wote, na mgeni hupewa kilicho kizuri.

Zelia


Cleveland
22 Aprili 1931

Dada,

Tarehe kumi imepita, na wiki imepita juu yake, na sanduku langu la barua ni tupu. Nilistahili ile barua yako ya mwisho, sawa. Umeshanichapa, sasa niambie. Ilikuwaje? Peavy alisemaje? Mkataba upo?

Usiniadhibu kwa kunyamaza. Bora unitukane.

Lonzo


Cane Branch
29 Aprili 1931

Mdogo wangu Lonzo,

Samahani kwa kukawia. Kazi zimekuwa nyingi. Siku ya kufunga shule ilikwenda vizuri, watoto waliimba mpaka paa likatikisika, na pai za viazi vitamu za Bibi Gaither hazikubaki hata makombo. Kila mtu alikuulizia.

Nimepanda kunde na mistari miwili ya sukuma wiki nyuma ya nyumba. Nyumbu wa jirani ameingia mara moja, lakini Mama alimfuata na ufagio, goti likasahaulika. Mvua ni za kutosha. Hasira na wewe zimekwisha, usiwe na wasiwasi.

Kula vizuri.

Dada yako,
Zelia


Cane Branch
Jumapili 10 Mei

Mwanangu Alonzo,

Mimi mama yako ndiye naandika, kwa mkono wangu, usishangae ukaanguka kitini. Dada yako alitufundisha akina mama kila Alhamisi jioni majira yote ya baridi, nami sikutaka ujue mpaka nijue vizuri. Sijajua vizuri lakini siwezi kungoja. Yeye yuko kanisani, mimi nimesingizia goti.

Amekwambia kunde. Najua amekwambia kunde maana niliisoma ile barua kabla hajaifunga, na nikasema moyoni huyu mtoto anamficha mwanangu.

Wamemfukuza.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa. Watu walijaa mpaka wengine wakasimama nje madirishani. Peavy na wenzake wawili wamekaa mbele, kofia kichwani. Vashti akaenda akawapa ratiba zao, akapiga goti kama alivyofundishwa. Mimi nikafungua kwa sala, Zelia aliniita Bibi Sophronia Tarver mbele ya Wazungu watatu, na mwanangu nikwambie sala niliyokuwa nimeitayarisha ilinitoka yote kichwani. Nikamshukuru Mungu tu, nikakaa.

Peavy anasoma karatasi yake. Akafika pale. Akanyanyua mkono nyimbo zikakatika. Akauliza nani ameandika hii. Vashti akasimama, ana miaka tisa, akasema mimi bwana. Peavy akatoa penseli mfukoni akasema njoo urekebishe kosa lako. Mtoto akamtazama mwalimu. Chumba kizima kikamtazama mwalimu. Mama yake, Lula Sims, alikuwa amenishika mkono, aliuminya mpaka leo unauma.

Zelia akatembea kutoka mezani kwake, taratibu, akasimama katikati ya mtoto na ile penseli. Akasema, "Huyu ni mwanafunzi wangu, bwana, na hakukosea. Kama kuna neno, niambie mimi." Peavy akasema, "Basi wewe irekebishe." Dada yako akasema, "Iko sawasawa, bwana." Hakupaza sauti. Sijawahi kumsikia akisema kwa upole hivyo, hata kwangu.

Wakaondoka kabla ya pai. Wiki iliyofuata barua ikaja. Shule wamempa Idella Pruitt, yule binti wa shemasi, aliyefundishwa na Zelia huyo huyo tangu hajui kushika chaki. Wamemfanya atie sahihi ahadi kwamba ataandika ndogo.

Dada yako sasa anafua na kupiga pasi na mimi. Halii. Ningependa alie. Asubuhi anaamka saa ile ile ya shule, anavaa, halafu anakumbuka.

Sitaki uje na hasira ukatuletea balaa. Nataka tu ujue dada yako ni mtu wa namna gani, maana yeye hatakwambia.

Zile karatasi zako ziko ukutani, zinazuia upepo vizuri.

Mama yako,
Bibi Sophronia Tarver


Cleveland
17 Mei 1931

Dada Zelia,

Mama ameniandikia. Usimgombeze. Nimeisoma barua yake nikiwa nimesimama barabarani, watu wananipitia huku na huku, na sikuweza kusogea.

Nilikwambia hakuna aliyelala njaa kwa sababu ya N. Nayameza maneno hayo, na yananikwaruza koo.

Nikupe habari moja tu ya huku, si ya kunde. Juzi mteja alileta tangazo la nyumba za kupanga, ametutaja Negro humo, kwa herufi ndogo. Nilipofika pale mkono wangu ulikwenda sanduku la juu wenyewe. Krause akapitia, akasema, "Alonzo, mteja ameandika ndogo." Nikamwambia, "Mteja akitaka ndogo, aje aipange mwenyewe." Dada, nilijua ninachokihatarisha. Kazi siku hizi hazipatikani, watu wanapanga foleni ya supu ya bure mitaa mitatu kutoka hapa. Krause akavua miwani, akaifuta, akasema, "Kwetu Ujerumani kila jina la kitu, hata kiazi, lina herufi kubwa. Endelea." Mteja alikuja, akalipa, akachukua, hakugundua kitu.

Sasa njoo. Nakuomba, si kama mara ile. Huna tena shule ya kukuzuia. Kuna chumba juu ya duka la kinyozi, nimeshakiuliza. Wewe na Mama njooni kabla ya baridi.

Ndugu yako,
Lonzo


Cane Branch
4 Novemba 1931

Mdogo wangu Lonzo,

Umeniuliza mara nyingi kiangazi hiki kama nakuja, nami nikawa nakujibu habari za hali ya hewa. Leo nakujibu. Siji. Soma mpaka mwisho, utajua kwa nini.

Mwezi uliopita, pamba ilipokuwa inakwisha mashambani, Idella Pruitt alikuja nyumbani. Alisimama nje ya ua kama mtu aliyekuja kukopa. Macho yamevimba. Akasema, "Bi. Tarver, niliweka sahihi. Baba alisema nisipoweka, shule itafungwa na watoto watakaa bure. Nisamehe. Nitawaambia sitaki kazi."

Mama alikuwa na neno tayari mdomoni, nilimwona. Na mimi nikwambie ukweli, nilikuwa nalo langu pia, nimelilea tangu mwezi wa nne. Lakini nilimtazama yule binti, nikamkumbuka alivyokuwa akilala juu ya kibao chake ana miaka sita, nikamwambia aingie. Nikamkaangia samaki. Nikamwambia, "Kazi ichukue. Watoto wanataka mwalimu. Umeahidi kuandika ndogo, basi andika ndogo, usiwe mwongo. Jiko la kuni linavuta moshi upepo ukitoka mashariki, fungua dirisha la nyuma. Na Vashti Sims umkalishe mbele." Tulikaa mpaka jioni nikimweleza mtoto mmoja mmoja. Alipoondoka nilikwenda nyuma ya nyumba, nikalia, Mama akajitia hamnazo.

Shule ilifunguliwa Jumatatu. Peavy alikuja mwenyewe, asubuhi kabisa, kuona kama ahadi ni ahadi. Haya ninayokuandikia nimeyasikia kwa Idella, na kwa Vashti aliyekuja mbio hata chakula hajala, na kwa wengine saba wote wakisema kwa pamoja.

Idella alichukua kitabu cha jiografia, akaandika ubaoni sentensi ile ile ya kitabu, kwamba pamba ya Georgia huchumwa na negro. Kwa ndogo, kama alivyoahidi. Chaki ilimkatika mara mbili. Kisha akawaambia watoto wanakili kwenye vibao vyao.

Wakanakili. Hakuna aliyenong'ona. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Walipomaliza wakainua vibao, kama nilivyowazoesha, na kila kibao kilikuwa na N kubwa. Wakubwa, wadogo, wote. Hata kile kitoto cha Gaither kisichojua bado kuandika, kilikuwa kimechora N peke yake, imejaa kibao kizima.

Lonzo, hakuna aliyewafundisha hilo. Nakuapia. Mimi sikuwaambia, mama zao hawakuwaambia, nimeuliza nyumba kwa nyumba.

Peavy akaenda benchi la kwanza. Akalamba kidole, akafuta N ya Vashti, akaandika ndogo. Akaenda kwa wa pili, akafuta. Alipofika kwa wa tatu, Vashti alikuwa ameshaandika tena, akainua kibao chake juu. Akarudi akafuta. Wa pili akainua. Wanasema alikwenda hivyo, mbele na nyuma, mpaka kidole kikawa cheupe kwa chaki na jasho likamtoka chini ya kofia. Na hakuna mtoto aliyecheka. Safari hii hata Vashti hakucheka.

Mwisho akamgeukia Idella. "Uliniahidi!"

Idella alikuwa ameshika meza. Akamjibu, "Mimi niliahidi, bwana, na nimetimiza, iko pale ubaoni. Hawa hawajamwahidi mtu kitu."

Peavy akafuta kidole kwenye koti lake. Kisha akatoka, na injini ya gari lake ilisikika mpaka darajani. Idella akakaa chini, akapumua, akasimama tena, akawaambia watoe vitabu vya hesabu.

Shule sijarudishiwa, na sidhani nitarudishiwa wakati Peavy yuko kwenye kiti kile. Idella naye hajui kama atafika Krismasi. Wakimwondoa watamleta mwingine, naye atakuta watoto wale wale wamekaa kwenye mabenchi yale yale. Akina mama wanataka Alhamisi zao zirudi, na sasa waume zao nao wanataka kuja, wanaona aibu kusema, wanamtuma Mama aniulize. Kwa hiyo chumba cha juu ya kinyozi mwachie mwingine.

Naandika nimesimama, pasi ziko motoni. Mama ananiuliza kwa nini namwagia machozi shati la watu lililokwisha kunyooshwa. Nimemwambia ni mvuke. Amesema, "Haya, mvuke," na amelichukua shati kulipiga pasi yeye.

Dada yako,
Arzelia Tarver
Mwalimu